Mama Kiko Wapi Anaaga Maabara

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukata nyama za wagonjwa vipande vyembamba kuliko karatasi, fundi wetu mkuu wa maabara anastaafu tarehe 30 Juni. Wengi tunamwita Mama Kiko Wapi, na wengi tumewahi kumkwepa kwenye korido.

Alianza kwa kuosha vioo vya darubini. Alipokabidhiwa kisu cha kukatia ikawa balaa: hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata daktari bingwa. Kikombe chake cha chai vilevile.

Jina la Kiko Wapi lilitokana na yaliyompata mdogo wake. Miaka tisa iliyopita binti huyo alitolewa uvimbe laini wa nyonga, hapa hapa. Sote tulisema ni mafuta tu, ukatupwa bila kupimwa. Miaka miwili baadaye ulirudi, mkubwa kama tikiti dogo, umebana kibofu hadi haja ndogo ikawa mateso. Safari hii kilichukuliwa kipande cha kupimwa, na fundi alikikata mwenyewe. Kilimteleza kwenye kisu kama ute wa yai, akajua hayo si mafuta. Daktari wa darubini akathibitisha: uvimbe adimu wa tishu laini, usiosambaa mbali lakini wenye kujipenyeza na kurudi, unaolishwa na homoni za kike. Zikafuata sindano za kuzima homoni kila mwezi, kisha upasuaji uliochukua saa saba. Alipona, ila mtoto aliyemtamani hakumpata tena.

Tangu hapo, kila siku saa nane mchana, fundi husimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji na ndoo nyeupe ya dawa ya kuhifadhia nyama za kupimwa, akiuliza kilichotolewa kiko wapi. Ndoo hiyo imetuonyesha saratani kumi na nne ambazo zingeishia kwenye pipa.

Mwezi uliopita picha zilionyesha uvimbe wa mdogo wake umerudi tena. Ndiyo maana hakuomba mkataba wa nyongeza. Anakwenda kumuuguza.

Aliyeutupa ule wa kwanza ni mimi, muuguzi ninayeandika haya. Amelijua hilo miaka yote. Hakuwahi kunisema, alikuja tu na ndoo, akauliza swali lake. Kuna siku nilitamani anitukane yaishe.

Asante, dada. Tunakuombea mapumziko yenye usingizi, na mdogo wako apate nafuu. Jana uliniachia ndoo. Kuanzia Julai, saa nane mchana, atakayeuliza ni mimi.