Jiwe la Kathengere Linalotoa Jasho

Kasese ya mwaka wa sitini na tisa ilikuwa mji wenye njaa. Reli ilikuwa imeshafika, shaba ilikuwa inashuka kutoka mgodini, na kila treni ilimwaga watu na magodoro yao. Mji ukala mashamba ya pamba, ukala malisho, na kabla hatujamaliza kuisifu stesheni ukawa umekimeza kijiji cha Kathengere pamoja na jina lake. Wageni wakawa wanasema "nyuma ya reli" tu, basi. Hapo nyuma ya reli ndipo kilipokuwa kijiwe chetu: taruma kuukuu la reli la kukalia, sigiri ya Mariat muuza kahawa, na jiwe kubwa bapa alilowekea birika na vikombe. Jiwe lile lilikuwa na tabia zake. Mawingu yakijikusanya juu ya milima, linatoa jasho. Asubuhi ninayoisema lilikuwa linatoka jasho, na Mariat naye vilevile, maana watu wa baraza la mji walikuwa wamepaka alama nyekundu kwenye nguzo ya kibanda chake. Barabara mpya inapita hapo. Mpimaji wao, Bwana Tumukunde, alimwachia tumaini moja: kama mahali hapa pana historia, nionyesheni nikirudi, kama hapana, tingatinga litapita. Mariat ni mjane, na kahawa ile ndiyo shamba lake na ndiyo paa lake. Basi sisi wateja tukaapa kuitafuta historia kabla Tumukunde hajarudi, na siku ya kurudi kwake ilikuwa hiyo.

Tulikuwa wanaume wanne. Sowedi, dereva wa lori la samaki, tulimwita Gia Nne, kwa sababu akianza kusema hajui kupunguza mwendo. Katembo, mchuuzi wa maharage kutoka Butembo, alikuwa Misioni. Kila uongo wake humsingizia padri. Ezironi wa reli alikuwa Filimbi. Mimi ni fundi cherehani, wananiita Pindo, kwa kuwa husubiri wenzangu wamalize kukata ndipo nishone.

Gia Nne: Historia iko mingi mpaka inamwagika! Hii Kathengere ilikuwa na maji ya moto. Inatoka chini yenyewe, bila kuni. Mwanamke akizaa, anaoga pale, kesho yake yuko shamba analima.

Misioni: Hiyo maji mi naijua. Inatokaka kwetu Butembo. Inapita chini ya mulima, inatokea huku. Mupe wa misioni alituambia.

Filimbi: Padri gani alipita chini ya mlima?

Misioni: Hakupita yeye. Alitupa chungwa mu kisima ya Butembo, ikatokea Kathengere.

Filimbi: Ikiwa imeiva?

Misioni: Ikiwa imepikwa. Maji ni moto, bwana.

Hapo nikasimamisha cherehani, maana chemchemi ile nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, na sipendi ichezewe. Nilipofika Kasese ilikuwa bado wazi, katikati ya migomba, inanuka kama yai lililochemshwa. Nilioga pale nikiwa na homa na uchovu wa safari, nikalala usingizi ambao sijaupata tena tangu siku hiyo. Nikawaambia. Nikawaambia pia kwamba migomba ya Kathengere ilikuwa minene, na wenyewe walikuwa wameipanda kwa kufuata mkunjo wa kilima, mvua ikinyesha udongo haukimbii. Watu wale walijua kuishi. Mji wetu na mainjinia wake wote, mvua ikinyesha, mtaro unaingia jikoni kwa mtu.

Filimbi: Umesema mainjinia. Sasa sikilizeni, mimi niko ndani ya reli. Nyinyi mnadhani reli ilifuata shaba. Hapana! Mzungu alikuwa anaipeleka mpaka Congo. Akafika Kathengere na njaa. Wakampa obundu, ugali ya muhogo, wakampa na maharage. Akala, akalala. Alipoamka akasema, hapa hapa, reli imekwisha. Ndiyo maana mwisho wa reli iko Kasese. Mtu alishiba.

Gia Nne: Wallahi. Ndiyo wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

Mimi: Hiyo inaingilia wapi, Gia Nne?

Gia Nne: Kwani huyo mzungu alijikwaa?

Misioni: Vrema, kweli kabisa, hakujikwaa.

Mariat alikuwa anapepea sigiri huku anatazama njia ya stesheni. Hakucheka. Tulipaswa kuliona hilo, lakini maneno yalikuwa yameshashika mteremko.

Gia Nne: Na tembo! Tembo walikuwa wanatoka kule bondeni wanakuja kuoga kwa hiyo maji. Wanapanga mstari, wadogo mbele.

Filimbi: Nani alikuwa anawapanga?

Gia Nne: Wanawake wa Kathengere. Na fimbo ya muhogo. Mwanamke wa hapa akiita mtoto wake, mtoto wa Kinyamaseke, kule mbali, anaitika.

Misioni: Hiyo ni kidogo. Unaona theluji ile juu? Zamani ilikuwa huku chini. Bantu ya Kathengere bakasema hatuitaki, inaharibu muhogo. Bakaifukuza na ngoma, ikapanda, ikapanda. Mpaka leo iko kule juu inabaangalia, inaogopa kushuka.

Filimbi: Na jiwe hili? Mbona linatoka jasho?

Gia Nne: Chini yake iko jini.

Misioni: Jini haiko. Jiwe iko inalia. Inalilia kijiji. Mupe alisema...

Filimbi: Ni mvuke. Ile maji ya moto inapita hapa chini, kama boila. Siku moja itapiga honi.

Gia Nne: Chururu si ndo ndo ndo!

Mariat akatupa chini kipepeo cha sigiri.

— Banange, jamani, nyamazeni! Tumukunde nitamwonyesha tembo gani? Theluji nitaishika na mkono gani? Nyinyi mkikosa hapa mtakunywa kahawa kwingine. Mimi nikikosa hapa, nakwenda wapi? Nataka kitu ya kugusa. Kitu moja tu, mtu aweke mkono.

Machozi yakamtoka. Niliona aibu, na nasema wazi kwamba niliona aibu. Tulikuwa tumekipenda kijiji cha watu tangu asubuhi, na hatukuwa na hata kigae cha chungu chake.

Wakati huo akaja mwanamke kijana kutoka upande wa reli, ana kikapu mgongoni, mkanda wake umepita kwenye paji la uso kama wanavyobeba wanawake wa milimani. Vumbi lilikuwa limempanda mpaka magotini.

— Wabukire, akatuamkia.

Tukaitikia. Mariat akajifuta macho na pembe ya leso, akamsogezea nafasi karibu na sigiri, akammiminia kahawa ya tangawizi, akampa na kabalagala mbili za moto, vitumbua vya ndizi. Hakumuuliza lolote. Ndivyo alivyo, kwake mtu hunywa kwanza. Yule mgeni akashukuru, akala polepole. Gia Nne kwa kuwa amepata masikio mapya akamrudishia hadithi ya tembo tangu mwanzo, na mgeni akacheka mpaka akaziba mdomo. Kisha akaweka kikombe juu ya jiwe, vidole vyake vikagusa ule unyevu, na kicheko kikamwisha. Akalipapasa jiwe kuanzia ukingo mpaka kwenye kishimo cha katikati.

Bwana Tumukunde akatokea na msaidizi wake, kamba ya kupimia begani. Mtu mrefu, viatu safi.

— Haya. Historia iko wapi?

Gia Nne, mwenye gia zote hizo, akakosa hata ya kuondokea.

— Afande, akasema, palikuwa na... tembo.

— Mimi si afande. Tembo gani?

— Wadogo mbele, ssebo.

Tumukunde akatugeukia sisi sote, bila hasira, kama mtu anayetaka kumaliza kazi.

— Nani kati yenu amezaliwa Kathengere?

Gia Nne ni wa Bwera. Misioni ni wa Butembo. Filimbi alishushwa na treni, na Mariat alifuata mume kutoka Fort Portal. Mimi nilikuja na cherehani kichwani. Nilitazama chini. Msaidizi akaanza kuikunjua kamba.

— Miye, akasema yule mgeni.

Akasimama. Akavua mkanda wa kikapu.

— Jina langu Mbambu. Nilizaliwa hapa, nyumba ilikuwa pale banaweka mbao ya reli. Mama yangu ni Feresita. Wakati ya vita ya milima tulikimbia, tukaenda Beni, na bantu yote ya Kathengere bakatawanyika, bengine beko Butembo, bengine beko Mpondwe. Mama iko mugonjwa. Hatembei tena. Alinituma niangalie kitu moja: kama moto yake iko.

— Moto gani? Tumukunde akauliza.

— Moto ya njiani. Bantu ya chumvi balikuwa banatoka Katwe, ku ziwa ya chumvi, na mizigo kichwani, banafika hapa alfajiri, baridi imebashika. Mama aliwasha moto hapa kila siku. Bibi aliwasha mbele yake, na mama ya bibi. Mutu akifika, humuulizi anatoka wapi. Anaota moto, anakula, kisha ndiyo anasema jina. Hiyo ilikuwa Kathengere, mzee. Maji ya moto ni Mungu alitupa tu. Lakini hii ni sisi tuliifanya.

Nilimtazama Mariat. Alikuwa ameshika birika kwa mikono yote miwili.

— Na mutu akienda, Mbambu akaendelea, anaacha chumvi kidogo mu kishimo ya hii jiwe. Si kulipa. Ni ya yule anakuja nyuma, asiye nayo, atie mu chakula. Kila mutu alikuwa anaachia mutu asiyemujua.

Tumukunde akavuta pumzi.

— Dada, ni maneno mazuri. Lakini baraza litaniuliza, ushahidi?

— Lamba.

— Nini?

— Lamba jiwe, mzee.

Msaidizi akageuka upande acheke. Tumukunde akatazama viatu vyake, akatutazama sisi, kisha akachuchumaa kama mtoto, akapitisha kidole ndani ya kishimo kile chenye jasho, akakitia mdomoni. Akakaa hivyo hivyo, kidole mdomoni.

— Chumvi, akasema.

Hapo heshima ikatutoka. Sote tukainama. Misioni alilamba akafanya ishara ya msalaba. Filimbi alilamba akapiga mluzi. Gia Nne alilamba mara mbili, akaapa kwamba hata yeye alitaka kusema hivyo hivyo, ila jini lilimziba. Na ilikuwa kweli, chumvi, kali, iliyozama ndani ya jiwe tangu enzi za watu tusiowajua, na ambayo kila mawingu yakija ilivuta unyevu na kujitokeza juu. Tulikuwa tumepumzisha vikombe vyetu juu ya historia, na hakuna aliyefikiria kuionja.

— Mariat, nikamwambia, wewe ni mtu wa Kathengere siku zote hizi. Hukuambiwa tu.

Akalia, safari hii kwa sauti, na hakujificha. Mbambu akamshika mkono.

— Mama, ni nani alikuambia uwashe moto hapa?

— Hakuna, mwanangu. Nilifika nikaona jiwe iko sawa, vikombe havianguki. Nikasema, nikae hapa.

— Nitamuambia mama moto iko. Atalala vizuri.

Gia Nne akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue methali ikaingia mahali pake, ingawa nani hapo alikuwa mgeni na nani mwenyeji hakuna aliyeweza kutenganisha. Tumukunde alikuwa ameshasimama, anapangusa goti.

— Ile kamba, akamwambia msaidizi, ipeleke ng'ambo ya mtaro. Barabara itapinda kidogo. Haitakufa.

Filimbi akafungua mdomo amweleze kuhusu mzungu na maharage. Nikamkanyaga mguu.

Mbambu akavaa kikapu chake. Kabla ya kuondoka akafungua fundo kwenye ncha ya kitenge, akatoa chumvi kidogo, ya kubanwa na vidole viwili, akaiweka ndani ya kishimo. Kisha akatugeukia sisi wanaume, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza desturi ya nyumba asiyoijua vizuri.

— Na ninyi, munawekaka nini hapa, kwa yule anakuja nyuma?

Misioni akamtazama Filimbi. Filimbi akamtazama Gia Nne. Gia Nne akakitazama kikombe chake.

Mariat akainua birika ammiminie Bwana Tumukunde, aliyekuwa bado amesimama mikono mitupu. Likatoka tone moja, la pili, basi. Tulikuwa tumeinywa kahawa yote.