Medali ya Majivu na Limau

Assalamu alaikum. Nawasalimu Mwalimu Mkuu Hajira, walimu wote, wazazi wenzangu na wanafunzi. Namsalimu wifi yangu Mwanaidi, mke wa mwenye shughuli, na binti yao Zuhra aliyekuja kutoka Mkongo kuwachukua, na wajukuu, hata huyo aliyelala mgongoni. Sisi wa jikoni hatujambo.

Abdulrazaq, mlinzi wa shule yetu hapa Ruaruke, anastaafu tarehe thelathini Juni baada ya miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa geti, lakini watoto watamkumbuka kwa kopo lake la maziwa lenye medali za sherehe: za Uhuru, za Muungano, za Mwenge. Kila Disemba aliwapanga mstari wazishike. "Tazameni wakubwa walichotaka tukikumbuke," aliwaambia. Mwanangu Nassibu alijua jembe na mwenge kabla hajajua a, e, i, o, u.

Aliyoipenda kuliko zote ni ya miaka kumi ya Uhuru, aliyopewa baba yake kwa kulima pamba. Mwanamume yuko mbele na mwenge, mwanamke nyuma na jembe. Wasichana wakauliza, mbona mama kawekwa nyuma? Akasema, "Huyo kashika chakula. Wa mbele ataongoza mpaka njaa imuume." Tulicheka jikoni mpaka ugali ukaungua.

Kila mwaka alinijia kuomba majivu, akaisugua kwa limau mpaka ing'ae. Mwaka jana akaja mkusanyaji wa medali za kale kutoka Dar, akaitazama, akasikitika. "Mzee, umeiharibu. Sura zimefutika. Ungeiacha na kutu yake ingekuwa na thamani."

"Kama kutu ndiyo thamani, ninunue mimi," akamjibu. Lakini jioni ile hakugusa chai yangu.

Tangu aseme anahamia Mkongo, moyo wangu haukutulia. Medali zikiondoka, watoto watashika nini? Nikaona haya kumuuliza. Juzi kaja mwenyewe jikoni, kaweka kopo mezani, akasema zote zibaki shule. Nikamwambia, kaka, ya baba yako ichukue.

"Imefutikia hapa," akasema. "Mkongo nani ataijua?"

Ahsante, kaka yetu. Mungu akupe afya na uzee wenye kicheko. Majivu nakuwekea, Disemba uje uisugue mwenyewe. Njia ina matope na presha yako naijua, basi ukifika Mkongo, hata viatu hujavua, tupigie upesi.