Mtaenea Tu

Ndugu wafiwa, majirani, wenzake marehemu wa jiko la supu, na nyote mliosimama huko nyuma hadi getini, mimi ni dada mdogo wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, na wanaonijua wanajua kwamba nikianza kusema sipendi kukatizwa, kwa hiyo naomba tuvumiliane.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, ndivyo cheti kinavyosema, ingawa mama yetu alishikilia hadi mwisho wake kwamba karani aliichelewesha tarehe kwa wiki nzima, kaka alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita, akasoma shule ya msingi nyuma ya soko kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, akafaulu, lakini ada ya kuendelea ikakosekana, na Januari 1967 akapelekwa kwa fundi cherehani kujifunza kazi, ambako mwaka mzima wa kwanza hakushona hata kifungo, kazi yake ikawa kufagia vipande na kuokota sindano. Mwaka 1974 alifungua duka lake mwenyewe, chumba kimoja, dirisha moja, cherehani moja ya kukanyaga, na humo ndimo alimopatia kila alichokuwa nacho.

Tarehe 6 Agosti 1977 alimwoa wifi yangu, mama mpole aliyeuweza utani wangu, ambaye alitutangulia mwaka 2004, na katika nyumba yao ya vyumba viwili kulikuwa na benchi moja tu la kulia chakula, watoto wakigombea nafasi kaka hakununua jingine ng'o, alikuwa akiwaambia sogeeni, mtaenea tu, na kweli walienea.

Sasa nimefika kwenye watoto, na kaka yetu mkubwa ameshaanza kukohoa. Nimeelekezwa nisome kwamba marehemu ameacha watoto watatu. Nasoma ninachokijua: marehemu alijaliwa watoto wanne, wa kwanza wa kiume, wa pili ni dereva wa lori, wa tatu ni msusi, na kitindamimba ni mwalimu, hao watatu wa mwisho mnawaona hapa mbele, wameketi kwenye benchi lile lile la nyumbani, na nafasi iliyobaki imekaliwa na mkoba. Yule wa kwanza yuko getini, amevaa shati la kuazima, na huyu wa pili tangu asubuhi anaapa kwamba mwenzake akikanyaga ndani, yeye anawasha gari na mazishi yatamkuta njiani. Tulieni jamani, sijamaliza.

Kosa alilifanya, simtetei. Mwaka 2010, pombe ikiwa imemshika, aliibeba cherehani ya baba yake akaenda kuiuza, gauni la bibi harusi wa watu likiwa bado chini ya sindano, na kaka, ambaye neno lake likishatoka lilikuwa limetoka, alisimama mlangoni mbele ya majirani, wengine mpo hapa, akatamka kwamba mtoto huyo hatakula tena kwake, na kuanzia siku hiyo yeye ana watoto watatu.

Mwaka uliofuata muuza mkaa wa mtaani kwetu alimletea habari kwamba kijana ameonekana kwenye foleni ya supu, pale kwenye jiko la kujitolea nyuma ya stendi, wanakolishwa wasio na pa kula, kaka akamtimua muuza mkaa kwa maneno ambayo siwezi kuyasoma mbele ya watoto, na Jumatatu iliyofuata akafunga duka mchana, akaenda kuomba kujitolea kwenye jiko hilo hilo. Wakampa upawa, akagawa supu dirishani kwa miaka kumi na miwili, na jambo lake la kwanza lilikuwa kushona pazia zito la kushuka hadi usawa wa kifua, ili anayegawa aone mikono na bakuli tu, akisema mtu asisomwe njaa yake usoni, nanyi mkamsifu kwa utu wake, na utu alikuwa nao, lakini mimi nilikwenda siku moja kuwasaidia kumenya viazi, nikauona upawa wake ukisita hewani, kisha ukazama hadi chini ya sufuria kwenye maharage, na mkono uliolipokea bakuli ulikuwa na kidole cha mwisho kilichopinda, kile kilichobanwa na mlango wa duka kijana huyo akiwa na miaka minne. Kaka alipaza tu sauti nyuma ya pazia lake, sogeeni huko kwenye mabenchi, mtaenea tu, kama alivyokuwa akisema kila siku hadi wakambandika jina la Mtaenea, na mniambie ninyi, mtoto gani asiyeijua sauti ya baba yake?

Ugonjwa ulianza Novemba 2023, koo likaziba kidogo kidogo, madaktari wakasema ni saratani, akalazwa tarehe 9 Februari 2024, na wiki ya tatu akagoma kula, kwangu akakataa, kwa binti zake akakataa. Mpishi mkuu wa jikoni akatuma supu, na aliyeileta ni huyo wa getini, akaketi, akachota kijiko, akakisogeza mdomoni kwa baba yake, kaka akautazama ule mkono na kile kidole, akautazama weee, mimi nimekamata chuma cha kitanda, nikijua akigeukia ukutani basi yamekwisha, hawa wawili hawatapatana tena, na kaka akafungua mdomo. Akamaliza bakuli. Nilipomuuliza baadaye lile neno lake limekwendaje, alinijibu kwa sauti iliyobaki uzi kwamba yeye alisema mtoto hatakula kwake, hakuna siku aliyosema kwamba yeye hatakula kwa mtoto. Mbishi yule! Dereva, mwanangu, haya hukuyajua kwa sababu ulikuwa safarini na lori, nimetaka uyasikie kwa shangazi yako, usiyasikie mtaani.

Alifariki tarehe 11 Machi 2024, zikiwa zimebaki siku tatu atimize miaka sabini na mitatu, au kama mama alisema kweli, akiwa ameshaitimiza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani mliotuletea viti na maji, wenzake wa jikoni mlioleta lile pazia mkalifunika jeneza, na ninyi mliokula kutoka mkononi mwake bila kumwona sura, mmekuja wengi kuliko tulivyotegemea na hakuna atakayewaondoa.

Limebaki neno la kumuaga, mnalijua, na silisomi mpaka mkoba ule utoke kwenye benchi. Miguu yangu ni mibovu lakini nitasimama hapa hapa.

Unainuka, dereva? Gari lako liko nje, hakuna atakayekushika.

Haya. Ameuchukua mkoba, ameketi, ameupakata. Mfungulieni yule geti. Pita mwanangu, usitazame watu, tazama benchi. Sogeeni. Sogeeni tena kidogo.

Kaka, fundi wetu, pumzika kwa amani, wameenea.