Kingori wa Stoo na Alhamisi Zake

Miaka ishirini na moja na karibu miezi mitano. Ndiyo muda ambao Mzee Kingori Wamae amekaa nyuma ya kaunta ya stoo ya idara yetu ya barabara hapa Nyeri, tangu Jumatatu tarehe 3 Februari 1964 mpaka leo Ijumaa tarehe 28 Juni 1985, siku anayostaafu. Kamati ya kumuaga ilitafuta mtu wa kuandika habari zake. Makarani wenye vyeti wapo, lakini walipofika kwangu mimi, Moffat Ndungu, dereva wa lori, wakaacha kutafuta. Shule niliishia darasa la sita, ila kwa kumjua Kingori mimi ni profesa.

Aliajiriwa Uhuru ukiwa bado mbichi, haujafikisha hata miezi miwili. Stoo wakati huo ilikuwa banda la mabati lenye sululu, sepetu, wilbaro na mapipa ya lami. Siku moja injinia mwenyewe alikuja kuchukua sululu akanyimwa, kwa sababu hakuleta fomu. Injinia akarudi ofisini, akajiandikia fomu, akajitilia sahihi, akaja tena. Kingori akampa sululu pamoja na pole. Miaka yote hiyo haikupotea hata sepetu moja. Mimi nilipoteza lori zima kwenye matope ya Othaya, siku mbili kilichoonekana ni bomba la moshi peke yake, na nikalitoa kwa kamba ya mgomba. Lakini leo si siku yangu.

Jambo ambalo vijana wengi hapa hawajui ni kwamba karani huyu alianzisha kikundi cha falsafa. Neno hilo alilisikia kwa redio mwaka wa 1972, akaja kazini nalo kama mtu aliyeokota saa barabarani. Mwaka uliotangulia alikuwa amefiwa na mkewe, Wacera. Hakuna kati yetu aliyeunganisha mambo hayo mawili, hata mimi ninayeunganisha nyaya za lori nikiwa nimefumba macho.

Alibandika karatasi moja karibu na posta na nyingine mtaa wa Majengo: Chama cha Kufikiri, kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, mahali ni stoo, wote karibu. Alhamisi ya kwanza walikuja watu mia tatu. Haya, sitini. Wengine walitoka Murang'a na basi la asubuhi. Miaka ile ukisikia chama, ujue watu wanaungana kununua shamba la mzungu aliyeondoka. Basi walikuja na vitambulisho vyao, na mama mmoja alibeba jembe kabisa. Kingori akapanda juu ya sanduku la misumari akatoa swali la kwanza: mlima ukifunikwa na mawingu wiki tatu, tunajuaje kwamba bado upo? Mzee mmoja wa nyuma akavua kofia, akauliza kwa heshima zote:

"Na huo mlima, mwalimu, ni ekari ngapi kila mtu?"

Walipoelewa kwamba hakuna ekari, waliondoka. Tulibaki watano. Kingori mwenyewe, Hezekiah mzee wa kanisa, Wamucii aliyekuwa akiuza uji hapo getini, Gure mchuuzi wa mbuzi kutoka Majengo, na mimi, ambaye nilikuwa nangojea tairi. Gure alisema swali ni rahisi, ati ana ndugu Nanyuki, na kule mlima huonekana, kwa hivyo apigiwe simu aulizwe. Wamucii akamwuliza, na huyo ndugu yako naye akifunikwa na wingu? Tulibishana mpaka tairi likanisahau.

Kingori alikuwa na sheria moja tu, aliyoitoa kwa mabaraza ya wazee wetu. Kila mtu anakuja na kijiti chake. Ukisema neno lako unakiweka chini, na hukiokoti wala kusema tena mpaka mwingine aseme lake na kuweka chake. Sheria hiyo iliwatuliza wenye midomo. Hezekiah, ambaye nyumbani aliomba mpaka chakula kikapoa, alijifunza kumaliza. Hata mimi nilijifunza, na wanaonijua wataona huo ulikuwa muujiza.

Tulikwenda hivyo miaka mitano. Halafu Hezekiah akafariki. Gure akahamisha biashara yake Nanyuki. Wamucii akaitwa Murang'a kulea wajukuu. Mimi nilipewa safari za mbali, lakini niseme ukweli kwa kuwa maneno yenyewe yameshapigwa chapa: hata siku ambazo lori lilikuwa limeegeshwa hapo uani, sikwenda. Niliona nimeshafikiri vya kutosha.

Alhamisi moja mwaka wa 1981 nilipita stoo kuchukua jeki. Mlango ulikuwa wazi. Kingori amepanga benchi mbili zikitazamana, amefagia, ameketi ametulia kama mtu aliye kanisani. Kijiti kimoja kilikuwa chini mbele yake. Nikamwambia, mzee, si uongee tu, hakuna mtu wa kukukataza.

"Nimeshasema langu," akajibu. "Ni zamu ya mwingine."

Injini ilikuwa inanguruma nje. Nikachukua jeki, nikatia sahihi, nikaenda zangu. Baadaye bawabu aliniambia kwamba ndivyo ilivyokuwa kila wiki: mzee anasema neno moja, anaweka kijiti, ananyamaza mpaka saa kumi na mbili, anafunga. Na miaka hiyo yote mmenisikia kantini nikijigamba kwamba falsafa ya mlima huu mzima tuliianzisha mimi na Kingori. Aliianzisha yeye. Na kuitunza, aliitunza peke yake.

Alhamisi iliyopita ilikuwa ya mwisho kabla hajakabidhi funguo. Nilivunja kijiti kwenye ua wa miiba wa kei-apo hapo nje, nikaingia. Sikutaka kuandika wasifu wa mtu niliyemwacha kwenye benchi. Hakushangaa kuniona, alisogeza tu kofia yake nipate pa kukaa. Swali la siku lilikuwa hili: mtu akiwa peke yake, adabu yake ni ya nani? Yeye alitangulia. Alisema ni ya yule anayemngojea. Akaweka kijiti chini.

Mimi sikosi neno, mnanijua. Lakini siku hiyo nilikaa na kile kijiti mkononi mpaka kikapata joto. Mwishowe nikakiweka chini, nikasema:

"Mimi nilikuwa naweza kuja."

Alikitazama kijiti changu pale chini.

"Hilo silo jibu la swali," akasema. "Lakini limesemwa."

Akainama, akaokota kijiti chake, akaanza kuongea. Aliongea juu ya mlima, juu ya Wacera, juu ya mambo ya miaka minane niliyokuwa siko. Alifunga stoo saa moja kasorobo, naye hakuwa amewahi kuchelewa kufunga tangu 1964.

Sasa anahamia shamba lake dogo upande wa Naro Moru, mahali ambapo moshi wa jirani unaonekana lakini sauti yake haifiki. Mkiwa mmeketi hapo na soda zenu, nawaomba jambo moja. Msimpe zawadi ya saa ya ukutani. Ana saa, na Alhamisi saa kumi na moja anaijua. Lori la kwenda kwake linatoka uani kila Alhamisi saa tisa unusu, nafasi ya mbele ni moja na nyuma ni tele, na mimi ndiye dereva.

Ahsante, Mzee Kingori, kwa kila kitu ulichokitunza. Tunakuombea afya, mvua kwa wakati wake, na Alhamisi zenye watu.