Mzee Tamotsu Urabe, Aliyekataa Kupiga Muhuri

Wazee wetu, majirani wa Hinokuchi, na nyinyi mliotoka mbali, familia inawashukuru kwa kufika, na kwa ruhusa yenu binti yake Sanae anawasomea maisha ya baba yake, kwa ufupi, maana mwenyewe hakupenda hotuba ndefu.

Mzee Tamotsu Urabe alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 hapa hapa Hinokuchi, mtoto wa mwisho wa mchoma mkaa Kumao Urabe na mkewe Ito, akasoma shule ya bondeni hadi Machi 1953, kisha akaingia mlimani na baba yake, akawa mtu wa mlimani maisha yake yote. Tarehe 18 Aprili 1964 alimwoa Fumie Nagano, wakajaliwa mtoto mmoja, Sanae, aliyezaliwa 2 Juni 1967. Mwaka 1971 kijiji kilimchagua awe mwangalizi wa msitu wetu wa pamoja, na kabla hajagonga kengele ya kufungua mlima hakuna aliyethubutu kuchuma uyoga wala kukata nyasi za kuezekea, hata mama yake mzazi aliwahi kurudishwa na kapu tupu, akanuna wiki nzima.

Oktoba 1990 kampuni moja ilikuja kuutaka mlima ijenge uwanja wa gofu, na kwa kuwa msitu ni wa wote, hauuzwi mpaka kila nyumba ipige muhuri wa kukubali, basi nyumba zote zikapiga, ikabaki moja, ya Mzee Tamotsu. Rafiki yake wa utotoni, Mzee Iwakichi Doi, ambaye tunaye hapa leo, alikwenda kumbembeleza, akamwambia, "Tamotsu, acha ukaidi bwana, ni muhuri tu, watoto wetu wapate kazi karibu na nyumbani." Naye akajibu, "Chemchemi yetu inalindwa na miti ile, Iwa. Wakishaifyeka, hao watoto watakunywa nini?" Kampuni ilisubiri miaka miwili, ikachoka, ikaenda zake.

Yaliyofuata mnayajua, na hatuyasemi kwa kulaumu, maana vijana wengi waliondoka kweli kutafuta kazi, na nyumba zao zimefungwa mpaka leo. Baba alinyang'anywa kengele, akanyimwa salamu, hakualikwa harusi, mpunga wake akaupanda peke yake, yakabaki yale mawili tu ambayo desturi yetu haimnyimi mtu hata akitengwa, kumzimia moto nyumba ikiungua na kumzika akifa. Mama Fumie alivumilia hadi 1996, akahamia Osaka kwa Sanae, akafia huko mwaka 2009. Baba alimpenda sana, lakini hakumfuata, kwa sababu anayehama Hinokuchi hupoteza sauti yake juu ya mlima, na sauti iliyokuwa imebaki upande wa mlima ilikuwa moja.

Jioni ya tarehe 22 Januari 2004 ghala lake liliwaka moto, mkaja wote mbio, mkapokezana ndoo mpaka moto ukazimika, naye akakimbilia ndani kuchemsha chai, na alipotoka na sinia hapakuwa na mtu uani. Alimpigia Sanae simu, amechangamka kama aliyetoka harusini, akasema, "Walikuja wote, mwanangu. Iwakichi alinishika mkono akanivuta nisiungue." Ghala lenyewe hakulitaja, na Sanae alikata simu akalia, kwa kuwa alielewa kwamba baba yake alikuwa anatamani moto mwingine.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2017, akalazwa hospitali ya wilaya tarehe 11 Januari 2019, akafariki Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari, akiwa na umri wa miaka themanini. Siku mbili kabla alimvuta Sanae karibu, akamwambia kwa tabu, "Safari hii, chai ichemshwe mapema."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mtawa wa hekalu letu, na wakata miti wenzake wa zamani waliolibeba jeneza. Nanyi majirani, tunawashukuru kwa ndoo zile, na kwa leo. Msitu upo, chemchemi haijakauka, maji yametekwa huko alfajiri, na chai iko tayari mezani, kwa hiyo tunawaomba sana, msiondoke, kaeni mnywe.

Pumzika kwa amani, baba. Wamekuja wote.