Siti Bado: Miaka Ishirini na Saba ya Bi Sindano

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, Bi Sindano anatimiza miaka ishirini na saba ya kazi katika karakana yetu, na siku hiyohiyo anastaafu. Jina lake la vyeti analo, lakini hapa ndani hakuna anayelitumia. Mwenyewe akiitwa kwa jina hilo hugeuka nyuma kutazama ni nani ameingia.

Mimi ni mpaka rangi. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu meza yangu na cherehani yake vimetenganishwa na pazia la nailoni tu, lile linalozuia rangi yangu isirukie ngozi zake za siti. Meneja alisema pia kwamba wengine wote wangeanza kulia kabla ya kumaliza aya ya kwanza. Sikumwahidi kwamba mimi nitakuwa na macho makavu.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu: watu hutuletea pikipiki mpya zilizoundwa kwa sura ya zamani, taa ya duara, tangi la mviringo, injini inayoonekana kama ya enzi za babu ilhali ndani imejaa vidude vya kompyuta. Mtu akishainunua haridhiki nayo. Anataka usukani mwingine, vioo vingine, ekzosi yenye sauti nzito, indiketa ndogo, shokabu bora, spea ambazo kiwanda hakikumpa. Sisi ndio tunaoivua na kuivalisha upya mpaka ifanane na ile aliyokuwa akiiota. Rangi ndiyo inayosifiwa sana, nashukuru, lakini siti ndiyo inayokaliwa, na siti zote zilizotoka hapa kwa miaka hiyo yote zimepita mikononi mwa mama huyu.

Alikuja akiwa fundi wa kushona sare za shule. Siku hizo karakana ilikuwa ya matengenezo ya kawaida, na siti iliyochanika ilizibwa kwa gundi na dua. Aliomba kona yenye dirisha, akaleta cherehani yake mwenyewe ya nyumbani, na ndani ya mwezi mmoja akavunja sindano kwa ngozi ngumu mara nyingi kiasi kwamba jina likampata. Hakukasirika. Alisema bora aitwe Sindano kuliko kuitwa Gundi.

Ushonaji wake ulikuwa na masharti. Hakushona siti ya mtu ambaye hajamwona amekaa. Alitandika sponji laini juu ya pikipiki, akainyunyizia unga wa chaki, akamkalisha mteja na kumwambia akae kama anavyokaa akiwa peke yake barabarani. Mteja aliposhuka, akiwa na suruali nyeupe nyuma, Bi Sindano aliinama kusoma pale chaki ilipobonyea, akajua wapi pa kupunguza na wapi pa kuongeza. Waheshimiwa kadhaa walinuna kwa ajili ya suruali zao. Hakuwa na habari nao.

Kuna mhasibu mmoja aliyekuja na picha kwenye simu: siti bapa, nyembamba, mfano wa ubao wa kukatia mboga. Bi Sindano alimweleza kwamba mgongo wake hautaikubali. Mhasibu akashikilia lake. Basi alishonewa ile aliyoitaka, nzuri ajabu, na akaondoka kifua mbele. Kabla ya wiki kwisha alirudi anatembea kwa hadhari, na akaikuta siti nyingine, nene kidogo, imeshashonwa inamsubiri rafuni. Bi Sindano alimwekea kiti cha mto akae wakati anafungiwa.

Sharti lake la pili ndilo lililomgharimu. Kazi ya mtu wa nyumbani, yaani yeyote kati yetu au jamaa zetu, ilikaa nyuma ya foleni mpaka wateja waishe. Alisema mteja ametuamini akiwa hatujui, na sisi tunajuana, hivyo tunaweza kungojana. Meneja mwenyewe alingoja siti yake karibu nusu mwaka, akikaa juu ya gunia. Hakuna aliyenung'unika, kwa sababu mtu aliyengoja kuliko wote alikuwa mume wake.

Mume wake tulimwita Cheche. Alikuwa mchomeleaji wetu, mrefu, mikono mirefu zaidi, mtu wa utani asubuhi na kimya mchana. Walikuja kazini pamoja na kurudi pamoja, ila wakiwa kazini mke alimwita mume Fundi, na mume alimwita mke Bi, na walizungumza kwa adabu ya watu waliotambulishwa jana. Cheche alijinunulia pikipiki ya sura ya zamani na kuanza kuijenga saa za mapumziko. Aliifungia usukani mfupi wa chini, vioo vya duara kwenye ncha za vishikio, shokabu mpya, ekzosi fupi. Akaikata fremu kwa nyuma na kuchomelea bomba lililopinda vizuri kuzunguka mkia, mahali pa siti ya mtu mmoja. Mimi nililipaka tangi rangi ya kijani cha chupa, na nasema bila kujivuna kwamba sijapata kupaka vizuri zaidi ya pale.

Ikabaki siti. Cheche akaingia kwenye foleni kama watu wengine, na kila foleni ilipokaribia kwisha, mteja mpya akaingia mlangoni. Yeye alicheka na kurudi nyuma. Kisha akaugua, maradhi mafupi yasiyompa mtu nafasi ya kujipanga, na miaka mitatu iliyopita tukamzika. Pikipiki ilikuwa imekamilika, taa zinawaka, injini inanguruma, na pale pa kukalia palikuwa na bati tupu.

Bi Sindano alirudi kazini baada ya siku za msiba, akaisogeza pikipiki ile kwenye kona yake, akaifunika shuka. Kila mwisho wa mwezi aliichukua shuka nyumbani, akaifua na kuirudisha ikiwa imepigwa pasi. Wateja walitaka kuinunua. Mmoja aliomba auziwe vioo tu. Wote walipata jibu moja: siti bado. Meneja alipouliza kwa upole kama isafirishwe nyumbani, aliambiwa siti bado. Nasi tuliendelea na kazi zetu, maana aliyesema bado ndiye pekee ambaye angeweza kuishona.

Mtu aliyeumia zaidi na jibu hilo alikuwa binti yao. Huyu ni muuguzi, na zahanati yake iko ng'ambo ya pili ya mji. Baba yake ndiye aliyemfundisha kuendesha, hapa uani kwetu, tukimpigia makofi kila alipoangusha koni. Alimwomba mama yake pikipiki ile, kwanza kwa maneno, kisha kwa kunyamaza. Bi Sindano aliniambia siku moja kupitia pazia, bila kuulizwa, kwamba hawezi kushona siti ya mtu ambaye hatakuja kukaa, na hawezi kuishona ya mtu mwingine kwa sababu ile ni ya mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Cherehani ndiyo iliyosimama kwa muda mrefu.

Mwaka huu ulipoanza na tarehe ya kustaafu ikatangazwa, sote tukawa na swali moja ambalo hakuna aliyethubutu kulitoa kinywani. Ataondoka nayo, au ataiacha hapa chini ya shuka tuwe tunaipita kila asubuhi?

Jibu lilianza mwezi wa nne, saa ya chakula cha mchana. Binti alikuja kumletea mama yake chakula, akamkosa, kwani alikuwa ametoka kunawa mikono bombani. Akasimama kidogo kwenye ile kona. Kisha akaivua shuka, akaikunja vizuri, akakunja na koti lake akaliweka juu ya bati, akapanda. Mafundi wote tuliacha kutafuna. Mchomeleaji wetu wa sasa, aliyefunzwa kazi na Cheche, alitoka nje kabisa.

Bi Sindano aliingia akijifuta mikono kwenye kanga yake, akamwona. Nilingoja dhoruba. Yeye akasimama, akamtazama mwanawe kuanzia visigino mpaka shingoni, akaizunguka pikipiki upande mmoja, akaizunguka upande wa pili. Uso ulikuwa umekunjwa, na tuliomzoea tuliujua ule mkunjo. Ni ule anaoutoa akiona mtu amekaa vibaya.

“Mgongo gani huo?” akasema. “Umekaa kama unatafuta shilingi iliyoanguka. Hebu rudi nyuma.”

Binti akarudi nyuma. Mama akamshika kiuno akamsogeza mwenyewe, akamwinua kidevu, akamwambia ateremshe mabega. Kisha akaenda kabatini akarudi na sponji na kopo la unga wa chaki. Alimpima huku machozi yakimtiririka waziwazi, bila kuyafuta, na vipimo vyake havikukosea hata kidogo. Sisi tulijifanya tunakula.

Siku hiyohiyo akaenda kwa Meneja na kuomba jambo ambalo hakuwahi kuliomba, kazi ya nyumbani ipite mbele ya wateja. Meneja alikubali kabla hajamaliza sentensi.

Msidhani ilikuwa rahisi. Usukani wa Cheche ulikuwa wa mikono ya Cheche, na binti aliufikia kwa kulala juu ya tangi. Ilibidi ufungwe mwingine uliopinda kurudi nyuma. Bi Sindano hakumwachia mtu kazi hiyo. Alizifungua bolti mwenyewe, akaushika ule usukani wa zamani kifuani kwa muda, kisha akaupeleka nyumbani amebeba kwa mikono miwili kwenye basi.

Halafu akaja kwa mchomeleaji na kumwambia mkia ukatwe, fremu irefushwe, vikanyagio vya abiria viongezwe. Mchomeleaji alikataa katakata. Alisema mshono ule wa moto ni wa mwalimu wake, na hawezi kuupitishia grenda. Hapo ndipo Bi Sindano alipompa vidonge vyake, kwa sauti ya chini, mbele yetu sote. Alimwambia kwamba aliyeuchomelea angekuwa hai angeukata mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu alikuwa fundi, na fundi hujenga kitu ili mtu akitumie. Mchomeleaji akavaa miwani yake. Aliukata mkia ule, akaongeza mabomba mawili katikati, na ule mpindo wa Cheche akaurudisha mwishoni kabisa, ukiwa mzima.

Tuliamini binti amepata mchumba wa kumpakia. Utani ulianza, na binti wa watu akawa anaona haya bila kosa. Wiki iliyopita Bi Sindano alinifungulia pazia na kuniita. Fremu ilikuwa tayari, sponji imetandikwa, na mwanawe yuko mbele ameshika usukani. Akanikabidhi kopo la chaki. Akaitazama pikipiki ile kama mtu anayetazama maji ya baridi, akapiga moyo konde, akajishika begani kwa binti yake na kupanda nyuma.

Mama huyu hakuwahi kupanda pikipiki maishani mwake. Ameshona siti za mamia ya watu, na kila siku alirudi nyumbani kwa basi, Cheche akiwa kando yake enzi za uhai wake. Alituambia hayo pale juu, mikono imemng'ang'ania mwanawe ingawa injini haikuwa imewashwa. Alisema mumewe alimbembeleza miaka yote, naye alisema kesho kwa sababu ya woga, ndiyo maana hatimaye mume akaikata fremu iwe ya mtu mmoja. Hakuikata kwa hasira, alisema. Alikata tamaa kwa upole. Na huo ndio upole ambao yeye amekuwa akiufunika shuka kwa miaka mitatu.

Nilimpima mimi. Mikono yangu, ambayo hunyoosha mstari wa dhahabu kwenye tangi bila rula, ilimwaga chaki pembeni, akanigombeza mara mbili kwamba naipoteza. Siti ameishona mwenyewe, ya watu wawili, kwa ngozi nyeusi na uzi wa kijani. Mishono miwili ya mwisho amewaachia mafundi wake wawili, wanawake aliowafundisha na ambao kuanzia Jumatatu wataishika kona yake. Waliishona huku yeye amesimama juu yao anahema. Hakuifumua.

Bi Sindano, kwa niaba ya Meneja na mafundi wote, nasema asante. Asante kwa migongo uliyoiokoa, kwa maneno makali uliyotupa tukiyahitaji, na kwa kutufundisha kumtazama mtu kabla ya kukitazama chombo chake. Tumekupenda, na tulipaswa kukuambia hivyo mapema badala ya kukuachia upande wa pili wa pazia. Maisha mema, mama yetu, yenye afya na barabara kavu.

Wageni waalikwa mnaombwa msiegeshe magari mbele ya lango kubwa. Baada ya makofi, binti atawasha pikipiki uani na mama yake atapanda nyuma. Ameomba tusimsindikize, tusimpigie picha, na tusipige kelele, kwa sababu bado anaogopa, na anataka kumsikia mwanawe akimwambia pole pole mahali pa kushikilia.