Mtoto wa Jirani

RAHAF: Haloo? Nani? Namba ni ya Ziad, lakini Ziad hapumui hivyo.

HIND: Ni mimi, mwanangu. Mamako. Salaam aleikum.

RAHAF: Aleikum salaam. Shikamoo, mama.

HIND: Marahaba. Simu yangu huishiki, ndiyo nikachukua ya kakako. Umeamkaje?

RAHAF: Salama. Sauti iko juu sana. Ngoja niiweke simu mbali na sikio... haya, sema.

HIND: Kwa mamako mdogo Nabiha umelala vyema?

RAHAF: Vyema. Alizima ile feni inayokwaruza. Hakuniuliza kitu.

HIND: Umekula? Hapa kuna mahamri, na mbaazi za nazi, nzito, kama unavyo—

RAHAF: Nyuma yako wanagongagonga sufuria.

HIND: Wapishi hao. Nyumba imejaa tangu alfajiri. Wakwe nao wako hapa, mamake Ghassan na binti zake, wamekuja kuitazama hina ya dadako. Nikahi ni baada ya alasiri, Rahaf. Hiba asema bila wewe hatoki chumbani. Yuko kitandani na hina yake, hataki hata kuvishwa.

RAHAF: Najua. Ameniandikia mara kumi na moja.

HIND: Basi njoo, mamangu. Kutoka Tononoka hadi hapa Mji wa Kale na tuk-tuk ni dakika ngapi? Ziad atakufuata.

RAHAF: Sina nguo.

HIND: Ile sare tuliyoshona—

RAHAF: Ina nyuzi za dhahabu, inanichoma shingo. Nguo yangu ni lile dera la pamba. Nawe ulilifukiza udi.

HIND: ...Nililifukiza, ndiyo.

RAHAF: Nilikwambia usilifukize. Nilikwambia Jumatatu. Nikakwambia tena juzi.

HIND: Uliniambia. Wallahi uliniambia. Nilikuwa nafukiza nguo za wote, za Hiba, za shangazi zako, nikaliona lako limekaa peke yake. Nikasema mwanangu naye anukie kama wenzake. Mtu aingie harusini kwao bila udi, watasema mamake hamjali!

RAHAF: Nilipolivaa jana moshi uliniingia mpaka kwenye meno. Halafu wakwe wakaingia na sanduku la zawadi za Hiba, na vigelegele, na yule mamake Ghassan mwenye bangili nyingi. Masikio yakauma. Ndiyo nikakaa chini ya ngazi, nikaziba.

HIND: Nilikuona.

RAHAF: Uliniona. Yule mama akauliza—

HIND: Nimelifua! Mara nne, Rahaf, kwa sabuni ya mche, ile isiyokuudhi, nikalianika darini. Nimelinusa mpaka pua yangu haijui tena kitu.

RAHAF: Akauliza, "Na huyu ni nani?"

HIND: ...Haloo? Mtandao huu nao—

RAHAF: Mtandao mzuri. Nakusikia.

HIND: Si mambo ya simu haya, mwanangu.

RAHAF: Ukamwambia, "Ni mtoto wa jirani, masikini, mgonjwa."

HIND: Usiyarudie hayo, mwanangu.

RAHAF: Nimefikiria sana ni jirani yupi. Kwa Mzee Mzamil hakuna mtoto wa kike. Kwa kina Ketty wako wawili, lakini wote wanasoma Nairobi.

HIND: Astaghfirullah. Usinifanyie hivyo.

RAHAF: Sikufanyii kitu. Nauliza. Nikija leo, mamake Ghassan akiniuliza mimi ni nani, nimjibu nini? Niambie sasa, nisije nikakosea nikakuaibisha.

HIND: (anavuta pumzi) Niliogopa, Rahaf. Niliogopa atasema nyumba hii ina maradhi, watoto wa Hiba watazaliwa hivyo, wavunje jambo lote. Daktari alishanieleza zamani, ni usonji, si maradhi wala si shetani, ndivyo ulivyoumbwa. Miaka kumi na tano nalijua hilo. Na bado nikasema nilivyosema. Wewe umeziba masikio... nikadhani husikii.

RAHAF: Nasikia vyote. Ndiyo maana naziba.

HIND: (kwikwi) Nisamehe, mwanangu.

RAHAF: Unalia?

HIND: Silii.

RAHAF: Unalia. Lakini hujanijibu, mama. Nimjibu nini?

HIND: Mwanangu, mimi—

RAHAF: Simu imelia tiii. Ni yako au yangu?

HIND: Ni hii ya Ziad, salio laisha. Ngoja. Usikate, tafadhali. (anaingia sebuleni; kwa sauti, pembeni ya simu) Mamake Ghassan! Nanyi jamaa, hebu wekeni chini hizo sufuria. Yule binti wa jana, aliyekuwa chini ya ngazi... nilikudanganya, dada yangu. Si mtoto wa jirani. Ni wangu wa kumzaa. Rahaf, nduguye Hiba. Hawezi kelele, hawezi udi, nami nililijua hilo nikamfukizia nguo yake, kisha nikamkana mbele yako. Sijapata raha tangu saa ile.

(sufuria zaacha kugongwa)

HIND: ...Rahaf? Upo?

RAHAF: Nipo. Mbona hakuna anayesema kitu?

HIND: Wananitazama. Mamake Ghassan ameweka kikombe chini, uso siusomi. Hata wapishi wametia vichwa mlangoni. Sijui atasema nini, mama.

RAHAF: Kumetulia sana.

HIND: Kumetulia, ndiyo.

RAHAF: Kukiwa hivyo nitaweza kuja. Mwambie Ziad aniletee dera, lakini asilipitishe karibu na—

HIND: Rahaf? Haloo? ...Haloo? (pembeni) Salio limekwisha. Naomba mkae hivyo hivyo, tafadhalini. Mwanangu yuwaja.